Hodi Moja

Hifadhidata zetu hapa Shimanzi zilikuwa saba,
kila moja na mlango wake, na bawabu wake.
Ya mizani ya malori ilitaka nenosiri lenye nambari.
Ya ghala, herufi kubwa.
Ya ushuru ilitaka alama, angalau nukta.
Na ya mishahara, kwa wivu wake,
ilitaka neno jipya kila mwezi,
neno ambalo hujapata kumwambia mwingine.

Bi Tima Shekuwe wa stakabadhi
aliyaandika yote nyuma ya kalenda ya duka la rangi,
kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu,
akiamini mwizi hakupitia chuoni.
Mahamri7. Mahamri8. Mahamri9.
"Mwanangu," akaniambia, "n'takumbuka mangapi?
Nina sukari, na wajukuu kumi na mmoja wa kuwaita majina."

Kwetu hodi hupigwa mara tatu.
Ya tatu ikikosa jibu unageuza viatu,
huna kinyongo, wenyewe wana lao.
Mashine nayo vivyo hivyo: kosa la tatu, komeo.
Ila mimi ndiye niliyeamshwa kufungua,
saa sita za usiku, meli imeshafunga gati,
Dzombo wa zamu kwenye simu,
honi za madereva nyuma yake:
"Imenifungia tena, Bwana Funguo."

Basi mvua za masika zilipoanza nami nikaanza.
Nilizifundisha zote saba jambo gumu, kutojua.
Mtu akija, msimuulize siri yake, msiitunze.
Iulizeni saraka.
Saraka inamjua, jina na idara,
mlango upi aingie na upi apite kando.
Asubuhi atabisha mara moja,
atapewa tikiti ya saa kumi,
na tikiti itamtangulia popote aendapo
ikisema, huyu ni wetu.

Siku ya kwanza hakuingia hata mmoja.
Nikatafuta kosa tangu alfajiri,
adhana ya adhuhuri ikanikuta chini ya meza, nyaya shingoni.
Kumbe saa. Seva ya ghala ilichelewa dakika sita
na saraka husamehe tano.
Dakika tano! Katika mji huu,
ambapo saa mbili yetu ni saa nane ya Mzungu,
na ukialikwa saa sita ukaenda saa sita
utakuta mchele bado unachaguliwa.

Nilizipatanisha saa. Bi Tima akaja, akabisha.
"Na ghalani je?" Pakafunguka.
"Na ushuru?" Pakafunguka.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui.
"Kalenda nimeitupa," akasema.

Zamani mtu akiondoka alibaki.
Mwakio aliacha kazi miaka tisa iliyopita,
na ndani ya ushuru bado alikuwa karani, kijana, ana ruhusa zote.
Sasa kuna kisanduku kimoja.
Ukikigusa, milango saba hujifunga pamoja
wala husikii hata bawaba.

Jumanne ile Bi Tima aliingia saa moja asubuhi.
Adhuhuri akasema kichwa kinamwanga, akaenda zake.
Simu ilikuja saa kumi, alasiri, kutoka Makadara.
Tikiti yake ilikuwa imebakiza saa nzima.
Kanuni, niliyoiandika mwenyewe, inasema: funga papo hapo.
Nilikaa. Nilitazama jina lake likiwa kijani,
hifadhidata saba zikiwa tayari kumkaribisha,
mpaka saa kumi na moja.
Kisha nikagusa.

Kesho yake tukafungua droo yake, Dzombo nami.
Vidonge, uzi wa kofia, na kalenda ya duka la rangi.
Mimi chuoni nilipita.
Mistari yote ya zamani ameikata kwa penseli,
na chini kabisa, ile siri niliyomkataza
asiiandike popote, asimwonyeshe mtu,
ameianza upya:
Mahamri1.